Nimeuziwa "gredi 4" ya mnada wa Japani, chini ya zulia la buti nimekuta R

Wakuu, habari zenu. Uzi ni mrefu na nimeuandika kwa hasira, mwenye haraka apite. Nisiyemtaka humu ni yule wa "kwani hukukagua kabla ya kununua?" Mkuu, gari liko Yokohama, mimi niko Tabata. Ningelikagua kwa darubini?

Kisa ni hiki. Mwezi wa pili nimetafuta Toyota IST ya 2010, ile toleo la pili, cc 1,500. Mnajua minada ya Japani haimpokei mtu wa kawaida, anayetupa dau ni kampuni yenye uanachama, wewe unalipa kamisheni na kuomba Mungu. Nikaenda kwa kampuni moja yenye ofisi hapa Dar (jina nalihifadhi, mods msinifungie uzi). Wakanitumia picha 14 na karatasi ya mnada (ripoti ya mkaguzi kuhusu hali ya gari) kwa PDF. Gredi 4, yaani gari zuri. Kilomita 78,000. Kwenye ule mchoro wa gari kuna alama moja tu, A1 mlango wa mbele kushoto, yaani mchubuko mdogo. Gari safi kuliko nafsi yangu. Nikatuma dola 3,900 kwa TT (uhamisho wa fedha benki kwa benki), gharama zote mpaka bandari ya Dar, nikakaa kusubiri meli.

Gari limefika mwezi wa nne. Kulitoa bandarini nitaeleza baadaye, maana wizi wenyewe umejificha hapo. Kwanza nieleze nilichokikuta.

Nimelipeleka kwa fundi wangu wa bodi, mzee mmoja asiyependa maneno. Hakufungua hata boneti. Kaenda nyuma, kafungua buti, kanyanyua zulia, katoa tairi la akiba. Kapitisha kidole kwenye ukingo wa shimo la tairi, kakinusa, kaniita: "Bosi, njoo uone." Gundi ya kiwandani kwenye maungio ya bati hulala mstari mmoja ulionyooka. Hii yangu imepakwa kwa kidole, alama za kidole zinaonekana kabisa, kama mtu aliyekuwa anapaka siagi kwenye mkate. Rangi ya gari ni nyeupe ya lulu. Sakafu ya buti upande wa kulia ni nyeupe ya kawaida, nyeupe ya ukuta. Ukiinama kwa tochi unaona mshono wa kuchomelea kutoka shimo la tairi mpaka kona ya bampa. Gari limegongwa nyuma, sakafu ya buti imekunjuliwa ikachomelewa.

Kwa wasiojua: Japani gari likibadilishwa bampa au mlango, bado linaweza kupata gredi nzuri tu. Lakini likiguswa kwenye mifupa, yaani nguzo, maungio ya chesisi, sakafu ya buti, linaandikwa lina historia ya matengenezo na linapewa R au RA. Bei yake mnadani hushuka, na hapo ndipo wajanja wanapopatia chakula. Unanunua R kwa bei ya R, unamuuzia mswahili kwa bei ya 4.

Usiku ule sikulala. Nikatafuta huduma inayotoa nakala ya karatasi ya mnada kwa namba ya chesisi, nikalipa dola chache, nakala ikaja ndani ya saa mbili. Karatasi ya kweli: R. XX kwenye paneli ya nyuma, maana yake imebadilishwa. W mbili, yaani bati limenyooshwa, ubavu wa nyuma kulia. Kilomita 139,000.

Rudia kusoma hapo. Siku linauzwa mnadani lilikuwa na kilomita 139,000. Liliposhuka melini Dar dashibodi inasoma 78,000 na kidogo. Limevuka Bahari ya Hindi likarudisha kilomita 61,000 njiani. Gari la kwanza duniani kutembea kinyumenyume kutoka Yokohama.

Nikaziweka zile karatasi mbili pembeni kwa pembeni kwenye kompyuta. Karatasi hizi nyingi hujazwa kwa mkono na mkaguzi wa mnada. Kwenye ile niliyotumiwa mimi, 4 ya gredi na 4 iliyopo kwenye mwezi wa usajili ni pacha, hata mkia umekatika sehemu ileile. Mtu amenakili tarakimu, akaibandika juu ya R. Hakuhangaika hata kuandika upya.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ushahidi nilikuwa nao mkononi tangu mwanzo. Ile hati ya Kijapani ya kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje, ambayo kila mtu anampa wakala wa forodha bila kuitazama, ina kilomita zilizosomwa siku ya ukaguzi wa lazima wa serikali yao. Ziko sehemu ya maelezo ya ziada, kwa tarakimu hizihizi zetu, hazihitaji Kijapani. Yangu inasema 118,200 kwa mwaka wa 3 na 131,400 kwa mwaka wa 5. Mwaka wa 3 hapo si 2003 wakuu, ni mwaka wa tatu wa enzi yao ya Reiwa, yaani 2021. Wa tano ni 2023. Hati hiyo nimeibeba mwenyewe kwenye bahasha, imepita kwa wakala, imepita TRA, hakuna aliyenyanyua jicho. Na TRA siwalaumu, wao thamani ya ushuru wanaitoa kwenye aina ya gari, mwaka na injini. Odo (mita ya kilomita) haiwahusu. Nimelipa milioni 7 na ushei ileile ambayo angelipa mwenye gari zima.

Sasa njooni kwenye madai, hapa ndipo damu inapochemka.

Nimeenda ofisini kwao na karatasi zote mbili. Dada wa mapokezi, mpole kweli, ananiambia: "Kaka, sisi hapa ni wawakilishi tu, malalamiko yanapokelewa Japani kwa barua pepe." Siku ya kupokea risiti yangu ya benki hawakuwa wawakilishi tu, walikuwa kampuni, na soda nilipewa.

Nikaandika barua pepe. Jibu la kwanza: gari lililotumika huuzwa kama lilivyo. Sawa, kama lilivyo, sio kama mlivyolichora! Jibu la pili: kwa mujibu wa masharti, malalamiko yapokelewe ndani ya siku 7 tangu meli kufika bandarini, na wewe umeandika siku ya 13.

Hesabuni nami. Meli imefika tarehe 6. Hati halisi, ambazo bila hizo hutoi gari, zimetumwa na wao wenyewe kwa njia ya vifurushi, zimenifikia tarehe 9. Ushuru, tozo za bandari, foleni, gari limetoka tarehe 17. Dirisha la madai limefungwa tarehe 13. Yaani haki yangu ya kulalamika imeisha gari likiwa bado yadi na ufunguo sina. Muuzaji ndiye anayeamua lini hati zitumwe, kisha ndiye anayehesabu siku. Na kule mnadani siku za mwanachama kudai zimeshapita tangu gari liko baharini, kwa hiyo hata angetaka kunisaidia hana pa kulirudisha. Ndiyo maana hataki.

Jibu la tatu: wananipa punguzo la dola 150 kwenye gari LIJALO. Nikikataa, dola 300 taslimu, nisaini kwamba sina dai tena. Sijasaini.

Benki nimeenda. TT ikishaingia kwa mpokeaji, kuirudisha mpaka yeye akubali. Akubali! Ningelipa kwa kadi ningekuwa na pa kupinga muamala, lakini kadi hawapokei, na sasa najua kwa nini. Chama cha wanaouza nje magari yaliyotumika ya Japani, JUMVEA, kipo, ila hawa si wanachama, jambo ambalo ningeligundua kwa dakika mbili kabla ya kulipa. Hilo ni kosa langu, nalimeza.

Kilichobaki ni hapa nyumbani. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na ofisi yao ipo mjini, ina bango na leseni. Nimeandaa barua kwenda Tume ya Ushindani, FCC: karatasi mbili za mnada, hati ya kufuta usajili, picha za buti, video ya odo, mazungumzo yote ya WhatsApp. Ombi langu si kurudisha gari. Nataka tofauti ya bei kati ya R na 4, pamoja na gharama ya kunyoosha nyuma, kwa sababu tairi la kulia linakula upande wa ndani kama panya kwenye sabuni.

Kwa anayetaka kuagiza wiki hii: dai namba ya chesisi YOTE kabla ya kutuma senti. Wakikuficha tarakimu za mwisho wakasema "utaipata ukilipa", ondoka. Karatasi ya mnada itafute mwenyewe, usiipokee kwa anayekuuzia. Na siku unalitoa, piga video ya odo na ya chini ya zulia hapohapo yadi, kabla hujageuza ufunguo, uwatumie siku hiyohiyo.

Swali langu kwa wanasheria na waliowahi kupita njia hii: kipengele cha siku 7 kinasimama kweli mbele ya karatasi ya kughushi? Na mwakilishi wa hapa naweza kumshitaki yeye kama yeye, au atanipiga chenga kwamba mkataba ni wa Japani? Picha naweka posti namba 2, zipo 11. Zile 4 mbili pacha nimezizungushia duara jekundu.