Tupeane uzoefu: jibini inanuka lakini tamu, wewe ulianzaje kuila?

Mhudumu_Lille
Wakuu, habari za jioni. Nipo Lille, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka wa nne huu, nahudumia wazee majumbani. Bibi mmoja niliyepangiwa, kifungua kinywa chake kila siku ni mkate wenye kipande cha Maroilles juu yake, anauchovya kwenye kahawa. Siku ya kwanza nilipofungua friji nilijua kuna nyama imeoza. Nikaishika ile jibini: ya mraba, gamba la rangi ya chungwa, inanata vidoleni. Nikaelekea nayo kwenye pipa. Bibi akanidaka mkono. "Ndicho chakula changu hicho!"

Akanikatia, akanichovyea mwenyewe. Ajabu ni kwamba ile harufu mdomoni sikuikuta. Nilikuta ulaini, chumvi ya wastani na utamu kama wa utando wa maziwa yaliyochemka. Nikakumbuka papa mkavu wa mama: nyumba nzima inanuka, lakini akishaungwa nazi hakuna anayebaki na hamu ya kulalamika.

Nani mwingine yamemkuta?

Mpemba_Strasbourg
Mie doriani ndilo lililonifunza mapema kwamba pua na ulimi havisemi jambo moja. Huku kwetu ni Munster, ya milima ya Vosges. Mwenyeji wangu aliileta mezani na viazi vilivyochemshwa na maganda yake, na kando kisahani cha mbegu nyembamba. Nikanusa. Uzile! Ama jamaa yake wa karibu sana. Nilikuwa na miezi mitatu sijanusa uzile. Nikala Munster ile yote, na harufu yake kali sikuihesabu tena.

Mwanafunzi_wa_mbu
Nilisoma Wageningen, Uholanzi, na hapo ndipo nilipoijua Limburger kabla hata ya kuionja. Mwaka 1996 watafiti wawili, Bart Knols na Ruurd de Jong, waliandika kwamba Anopheles gambiae, mbu anayetuletea malaria, huvutwa na harufu ya jibini hiyo. Knols amefanya kazi Ifakara pia, kwetu Morogoro. Mwaka 2006 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza kisha zinakufikirisha. Mbu huyo hupenda sana kuuma miguuni na kwenye vifundo, na harufu ya Limburger na ya miguu zinafanana kwa sababu ya kweli kabisa: bakteria wa kwenye gamba, Brevibacterium linens, ni ndugu wa karibu wa wale wanaoishi kwenye ngozi ya miguu yetu. Watengenezaji huliosha gamba kwa maji ya chumvi tena na tena ili bakteria hao wastawi, na hao ndio wanaochangia ile rangi ya chungwa.

Kwa hiyo harufu kubwa ipo kwenye gamba. Anayeanza alitoe, ale cha ndani.

Mama_Goma_Liège
Kwetu jibini ni ya Masisi, haina makali, mtoto anakula. Hapa Ubelgiji nilipewa Herve, nikashindwa mara mbili. Mara ya tatu jirani aliipaka sharubati nzito nyeusi ya mapeasi na matofaa wanayopika hapa Liège. Hapo nikaelewa. Sasa watoto wangu ndio wananikumbusha kununua.

Muuguzi
Naomba niongeze moja, maana nalikuta kazini. Wajawazito, jibini hizi laini zilizooshwa gamba ziacheni hadi mjifungue, hata iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Bakteria wa listeria huweza kuingia humo, na kwa mtoto aliye tumboni ni hatari kubwa. Zikipikwa hadi zichemke kabisa, sawa.

Mhudumu_Lille
Asanteni sana. @Mpemba, uzile ninao, dada alinitumia kutoka Tanga. Leo asubuhi nimemnyunyizia bibi kidogo juu ya Maroilles yake. Kanyamaza, katafuna, kisha kaniuliza kama nimebakiwa na nyingine za kesho.