Svalbard au Greenland? Naomba ushauri wa meli za kaskazini

Mwanahamisi_Oslo: Wakuu habarini, mimi niko Oslo, mdogo wangu Dar, tumejibana miaka minne tupande zile meli ndogo za kwenda kaskazini kabisa. Tumebaki na mbili, Svalbard, vile visiwa vya Norway, kutokea mji wa Longyearbyen, au Greenland mashariki, ghuba ya Scoresby Sund hadi kijiji cha Ittoqqortoormiit. Mdogo wangu anataka dubu, mimi nataka kujua wenyeji wanaishije. Waliofika, siku inaendaje?

Baharia_Tanga: Dada, dubu Svalbard. Nilienda Julai 2023, jua halizami kabisa miezi hiyo, mmelala spika ya kabini inaita dubu upande wa kulia, watu mbio na kandambili hadi nje kwenye baridi. Mkishakunywa chai mnavaa gambuti na jaketi la kuokolea mnashuka kwenye boti za mpira, waongozaji wanatangulia na bunduki kukagua ufukwe ndo na nyie mshuke. Walrasi, wale wanyama wa baharini wenye pembe ndefu mdomoni, wamelala kama magunia ya mkaa, na wananuka kweli. Ratiba inapangwa na barafu, sisi ghuba mbili tulizikosa. Ila wenyeji hakuna, Svalbard haijawahi kuwa na kabila lake, ni wachimba makaa na watafiti, na Pyramiden, mji wa Warusi uliohamwa 1998.

Mpenda_Pori: Toka Januari 2025 lazima mkae mita 300 kutoka kwa dubu, Machi hadi Juni ni 500. Bebeni darubini nzuri. Mi naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, mnyama aachwe awinde kwa amani.

Nuru_K: Mi Greenland mara mia. Ittoqqortoormiit ina watu kama 350, mababu zao waliletwa 1925 kutoka Ammassalik, kusini zaidi pwani hiyo hiyo. Nje ya nyumba moja ngozi ya dubu imeanikwa, abiria wenzangu wakaanza kunung'unika, iliniuma sana maana wale wawindaji wana mgao wao kisheria na bandari imefungwa na barafu sehemu kubwa ya mwaka, sasa wale nini? Sisi wa pwani nani atatuambia tusivue papa? Mama mmoja alinikatia mattak, ngozi ya nyangumi na mafuta yake, mbichi, unatafuna unatafuna, ina utamu kama wa njugu.

Baharia_Tanga: Nuru hapo sawa, ila usimpe dada matumaini makubwa. Meli inashusha watu mia kwenye kijiji cha watu 350, saa mbili tatu mshaondoka, na wengine wanapiga watoto picha bila kuomba. Huko sio kukaa na wenyeji.

Nuru_K: Kweli kaka. Ndo maana mi niliweka kamera begini nikanunua kitu kwa fundi mwenyewe, hapo mazungumzo yalianza.

Mpenda_Pori: Mdogo wako aangalie viza mapema! Svalbard iko nje ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, akipitia Norway anahitaji ya kuingia zaidi ya mara moja. Ya Greenland lazima iandikwe kabisa kwamba inafaa Greenland.

Mwanahamisi_Oslo: Asanteni mno. Naegemea Greenland, hata dubu tusipomwona. Nampigia mdogo wangu usiku huu tuanze na viza.