Mjadala: Umeuza gari lako binafsi, siku ya tisa mnunuzi anataka hela zake zote. Urudishe au usirudishe?

Mleta mada
Wakuu, jambo hili linagombanisha watu sana, tulijadili kwa hoja. Mfano ni huu. Nissan X-Trail T31 ya mwaka 2008 imeuzwa na mtu binafsi hapa Dar kwa shilingi milioni 17, hela zimepita benki. Mkataba ni karatasi moja yenye maneno "gari limeuzwa kama lilivyo". Mnunuzi alikuja na fundi wake, wakalizungusha mtaani dakika ishirini hivi, wakaridhika. Siku ya tisa anapiga simu: gari likipata moto linakosa nguvu, halivuki spidi 60, taa ya injini inawaka. Fundi wake anasema giaboksi imekufa na iliuzwa ikiwa imekufa. Anataka milioni 17 zote, la sivyo anakwenda polisi. Kadi bado ina jina la muuzaji. Muuzaji afanye nini?

Chesisi
Asirudishe. Alikuja na fundi wake, akalikagua, akaliendesha, akasaini "kama lilivyo". Gari la mkononi lenye zaidi ya miaka kumi na tano halina waranti, na bei ya milioni 17 imeshahesabu hilo. Mnunuzi akiruhusiwa kurudisha gari siku ya tisa, kesho mwingine atarudisha siku ya tisini. Muuzaji naye hela ameshalipia ada au kiwanja, atazitoa wapi?

Mnunuzi Tu
Chesisi, dakika ishirini za kuzunguka Sinza zinaonyesha nini kwenye gari la CVT, yaani giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia? Aliyeliendesha miaka mitatu, akalipeleka Morogoro na kurudi, anajua kabisa kwamba likichemka linalegea. Akinyamaza huyo ameuza tatizo, na karatasi ya mstari mmoja isimkinge.

Fundi Giaboksi
Wote wawili mmeshahukumu giaboksi ambayo haijafunguliwa. Anzeni na gari lenyewe, maana dalili mliyoitaja ina vyanzo zaidi ya kimoja na gharama zake hazifanani hata kidogo.

T31 ya injini ya MR20 inatumia CVT aina ya JF011E. Oili yake ikipata joto kupita kiasi, kompyuta inapunguza nguvu kwa makusudi ili kuilinda. Kwa hiyo "likipata moto linalegea" inaweza kuwa rejeta iliyoziba au feni isiyovuta vizuri, na giaboksi ikawa nzima. Inaweza kuwa presha ya oili imeshuka kwa sababu vali za ndani zimelika: hapo mashine ya kusoma kompyuta itaonyesha kodi ya hitilafu P0868, na mara nyingi dawa ni kushughulikia valvu bodi, sehemu yenye hizo vali. Na inaweza kuwa mkanda na puli zimekwaruzana, hapo ndipo giaboksi nzima inabadilishwa. Fundi aliyesema "imekufa" bila kushusha sampo (sinia la oili chini ya giaboksi) hajapima, amekisia.

Kabla mtu hajagusa chochote, yafanyike haya mbele ya pande zote mbili, kwa fundi wa tatu ambaye si wa huyu wala wa yule:

Kwanza mashine ya kusoma kompyuta. Andikeni kodi zote (namba za hitilafu) pamoja na kumbukumbu za hali ya gari wakati kodi ilipoingia. Msizifute! Kisha angalieni umbali uliotembewa tangu kodi zilipofutwa mara ya mwisho. Magari mengi ya umri huu yanauhifadhi. Kama mnunuzi ametembea kilomita 280 na kompyuta inasema kodi zilifutwa kilomita 290 zilizopita, basi kuna mtu alifuta kodi siku za kuuza, na muuzaji ana swali la kujibu. Ulizeni pia kama betri ilichomolewa, maana kwenye baadhi ya magari hilo nalo linafuta kumbukumbu na mtu asiye na kosa anaweza kuonekana mwongo.

Pili, Nissan wana hesabu ya uchakavu wa oili ya CVT ndani ya kompyuta. Ikivuka 210000 oili inatakiwa kubadilishwa. Hesabu hiyo hairudi sifuri mpaka mtu airudishe kwa mashine. Ikiwa iko chini kabisa na oili ni nyeusi inayonuka kuungua, kuna aliyeichezea.

Tatu, oili yenyewe. T31 inataka oili aina ya NS-2, na NS-2 halisi ni ya kijani. Ukikuta nyekundu, kuna uwezekano mkubwa mtu ameweka ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida. CVT inategemea msuguano wa mkanda wa chuma kwenye puli, na ATF haina mshiko huo: mkanda unateleza, unakwangua puli, na baada ya hapo hata ukirudisha oili sahihi hupati kitu. Sasa hapa ndipo pagumu. Nani aliiweka? Wanunuzi wengi wakishachukua gari wanalipeleka sevisi wiki ileile ya kwanza, na mafundi wa uchochoroni wana dumu moja la oili nyekundu kwa magari yote. Muuzaji aombe risiti ya kila sevisi iliyofanywa tangu siku ya makabidhiano. Mnunuzi naye aombe ya mwisho ya muuzaji.

Nne, sampo. Uji wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vinavyong'aa na kukwaruza kidoleni ni mkanda au puli, na kama ni vingi havikutokea ndani ya siku tisa kwa oili sahihi. Oili iliyomwagwa iwekwe kwenye chupa mbili safi, kila upande wake, zikiwa na tarehe na sahihi juu.

Na gari lisiendelee kutembea. Kila kilomita anayoongeza mnunuzi baada ya kuona taa inampunguzia hoja yake mwenyewe.

Mzani
Fundi amefungua njia. Upande wa sheria watu wanachanganya vitu viwili: ubora wa gari, na maneno ya muuzaji.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inaweka dhamana ya ubora kwa muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa hizo. Mtu binafsi anayeuza gari lake moja haingii humo. Hata kwa mfanyabiashara, mnunuzi aliyekagua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ungepaswa kuiona. Hapo Chesisi yuko sahihi.

Lakini mtu binafsi anabanwa na mambo mengine. Moja ni haki ya kuuza. Gari likiwa la wizi au limewekwa rehani kwa mkopo bila mnunuzi kuambiwa, "kama lilivyo" haimsaidii muuzaji, mnunuzi ana haki ya hela zake. La pili ni maelezo: ukitangaza "kilomita 84,000, haijawahi kufunguliwa" na mtu akanunua kwa maelezo hayo, gari lazima lilingane nayo, uwe mfanyabiashara au usiwe. La tatu ni udanganyifu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, vifungu vya 17 hadi 19, inamruhusu aliyedanganywa kuukana mkataba. Kunyamaza tu si udanganyifu kwa kawaida, isipokuwa pale ambapo mazingira yanakulazimu kusema. Ila ukiulizwa "giaboksi haina shida?" ukajibu "haina", nawe una risiti ya gereji ya mwezi uliopita inayosema ina shida, huo si ukimya tena.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mnunuzi ni moja: niambie neno gani nililokwambia lilikuwa la uongo, na lilisemwa wapi. Tangazo, meseji za WhatsApp, mkataba. Akikosa la kuonyesha, dai lake ni dhaifu hata kama giaboksi imekufa kweli.

Na hata akishinda, si lazima apate milioni 17. Aliyekwisha kulipokea gari na kulitumia kama lake mara nyingi hubaki na fidia, yaani tofauti ya thamani. Tuseme gari kama lilivyoelezwa lingekuwa la milioni 17 na kwa kasoro yake ni la milioni 13 na nusu. Mjadala ni wa milioni 3 na nusu.

Ustadh wa Tanga
Kwa Waislamu lipo jambo la hiari ya aibu (aibu hapa ni kasoro ya bidhaa). Kasoro iliyofichika, iliyokuwepo kabla ya makabidhiano na inayoshusha thamani, inampa mnunuzi haki ya kurudisha. Muuzaji analazimika kuibainisha anayoijua. Akijua akanyamaza, sharti la "kama lilivyo" halimvui mbele ya Mungu hata kama karatasi inamkinga mbele ya hakimu. Mnunuzi naye ana wajibu: akishaiona aibu akaendelea kulitumia gari kana kwamba ameridhika, hiari yake inaanguka. Asikae nalo wiki tatu za mizunguko ndipo adai.

Chesisi
Nakubali kuhusu uongo, anayedanganya alipe. Bado nina shida na vitisho vya polisi. Watu wanakata RB (namba ya taarifa polisi), muuzaji anaitwa kituoni, anakaa kwenye benchi tangu asubuhi, jioni anasaini kulipa ili arudi nyumbani. Hiyo si haki.

Mzani
Si haki, na asisaini. Kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, ila lazima kuwe na kauli ya uongo juu ya jambo lililokuwepo, na aliyeitoa awe anajua ni uongo. Gari kuharibika baada ya mauzo si jinai. Akiitwa aende, tena mapema, na mkataba, risiti ya benki, picha za tangazo na ripoti ya fundi wa tatu. Atoe maelezo yake kwa utulivu. Karatasi ya kukiri deni aikatae kwa adabu na kusema yuko tayari kwa mahakama. Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya deni la mkataba hadi milioni 30, kwa hiyo mnunuzi ana mlango wa kweli wa kugonga.

Kabla ya huko, muuzaji ajibu dai kwa maandishi ndani ya siku mbili tatu. Asipotee. Mistari michache inatosha: nimepokea dai lako la tarehe fulani; sikubali wala sikatai mpaka gari lipimwe kwa pamoja; napendekeza gereji hii au hii, gharama nusu kwa nusu; tafadhali usilifungue wala usilitembeze. Asiandike "pole, nitaangalia namna ya kukurudishia", maana sentensi hiyo itasomwa mahakamani kama ahadi. Na simu yenye meseji isifutwe, picha za skrini peke yake zinabishaniwa.

Nyeri254
Huku Kenya sheria ya mauzo inafanana na yenu kwa sehemu kubwa. Tofauti ni njia. Mahakama ya Madai Madogo inashughulikia hadi shilingi 1,000,000 za Kenya na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, kwa hiyo hakuna sababu ya kumsumbua mtu kituoni. Umiliki unahamishwa mtandaoni: muuzaji anaanzisha, mnunuzi anathibitisha. Gari la mfano wenu bado lina jina la muuzaji baada ya siku tisa, na hilo lanitia hofu kuliko giaboksi.

Mnunuzi Tu
Kweli. Faini za trafiki na deni la maegesho vinafuata namba ya gari. Akigonga mtu leo, wataanza kumtafuta mwenye jina kwenye kadi.

Fundi Giaboksi
Wakifikia kurudishiana, mpangilio ni muhimu kuliko kiasi. Muuzaji asitume hela kabla ya kuliona gari. Alinganishe namba ya chesisi na ya injini na kadi, asome kilomita, apige picha. Aangalie betri ni ileile, tarehe ya tairi (tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka), tairi la akiba, jeki, redio, na alale chini aone katalisti (ya kusafisha moshi) ipo. Magari yamerudishwa yakiwa na injini tupu iliyonyonywa sensa. Funguo zote na kadi vikabidhiwe, ndipo hela zipite benki siku hiyohiyo. Kama jina lilishahamishwa TRA (mamlaka ya mapato), kulirudisha ni uhamisho mwingine wenye ada na ushuru wa stempu wa pili, kwa hiyo waandike kabisa nani analipa.

Mzani
Na waandike kwamba malipo hayo yanamaliza madai yote ya pande zote mbili juu ya gari hilo, wasaini na mashahidi wawili. Mengi yanamalizikia katikati: muuzaji anachangia sehemu ya matengenezo, gari linabaki kwa mnunuzi. Mchango huo ulipwe gereji moja kwa moja kwa ankara, usipite mkononi.

Chesisi
Hapo nakubaliana nawe, isipokuwa nusu kwa nusu ya kipimo. Anayedai ndiye alipe fundi wa tatu, akithibitisha dai lake arudishiwe. Vinginevyo kila mtu atakuwa anadai, akijua nusu ya gharama ni ya mwenzake.

Mnunuzi Tu
Na aliyekamuliwa milioni 17 jana atoe wapi hela ya kipimo? Nusu kwa nusu ndiyo inayomfanya muuzaji aje kweli gereji. Akilipa yule peke yake, muuzaji hatatokea, na ripoti ataikataa.

Mzani
Basi liwekwe kwenye mkataba wa mauzo tangu siku ya kwanza, badala ya "kama lilivyo" peke yake: "Muuzaji anazijua kasoro hizi: ... Hajui nyingine. Mnunuzi amelijaribu gari kwa kilomita ... ikiwemo barabara kuu. Dai lolote la kasoro iliyofichwa litolewe kwa maandishi ndani ya siku saba, kabla gari halijafunguliwa na fundi yeyote, na kipimo kitafanywa gereji ya ... kwa gharama ya ..." Nafasi ya mwisho waijaze wenyewe kabla hela hazijatoka.