Kikomo cha uowevu kinashuka mchana: ni joto au hewa kavu?

Swali
Wakuu, habari za kazi. Napima vikomo vya Atterberg, yaani viwango vya maji ambavyo udongo hubadilika tabia, kwa udongo uleule wa mfinyanzi. Asubuhi kikomo cha uowevu (maji ambayo udongo huanza kutiririka) kinatoka asilimia 58, mchana jua likiwaka kinatoka 55. Kile cha unyumbukaji (maji ambayo udongo ukiviringishwa huanza kukatika) ndiyo hakieleweki kabisa, mara juu mara chini. Chumba hakina kiyoyozi, ila feni iko juu ya meza. Ni joto?

Jibu
Mkuu, zima feni kwanza. Maji yakipata joto mnato wake hupungua, kwa hiyo mfereji unaochorwa kwenye udongo ndani ya bakuli la kugongwa hujifunga kwa mapigo machache kidogo, lakini nyuzi chache za chumbani haziwezi kukuletea tofauti hiyo. Mwizi wako ni hewa kavu. Mfereji ukijifunga kwa mapigo 25, maji yaliyomo wakati huo ndiyo unayoyatafuta. Ukiacha kikopo cha sampuli wazi huku unajaza fomu, mizani inasoma yaliyobaki. Funika, pima, kisha ndiyo uandike.

Kwenye kuviringisha vijiti vya kikomo cha unyumbukaji ni balaa zaidi, maana makosa yanavuta pande mbili. Upepo ukikausha ngozi ya kijiti, kinakatika kwenye milimita 3 huku ndani bado kibichi, na kikomo kinapanda. Vipande vilivyokatika navyo vikikaa wazi vinakauka kabla ya mizani, na kikomo kinashuka. Hapo mpangilio utautoa wapi?

Muuliza
Nimekusoma, mkuu. Na masika, hewa ikiwa nzito, oveni haitanidanganya?

Jibu
Kidogo sana. Kwenye nyuzi 105 hadi 110 hata hewa ya masika inakuwa kavu. Shida ni baada ya kuutoa: udongo uliokauka hivyo unanyonya unyevu wa chumba ungali kwenye kikopo. Upoze umefunikwa, ndani ya desiketa (chombo kinachofungwa kisipitishe hewa) yenye silika ya kunyonya unyevu.

Jibu jingine
Mnasema feni, mimi nauliza: kabla ya kuuchekecha udongo, uliukausha vipi? Kama udongo uliingia kwenye oveni, hapo ndipo kuna tofauti kubwa. Udongo wenye mboji, au wenye haloisaiti (aina ya madini ya mfinyanzi), ukishakaushwa hivyo haurudi ulivyokuwa hata uuloweke usiku kucha. Kikomo cha uowevu cha uliopitia oveni kikiwa chini ya 0.75 ya kile cha ule ambao haukukaushwa, uainishaji wenyewe unauita udongo wa mboji. Na kama una jasi, usipite nyuzi 60 hata unapotafuta kiasi cha maji, kwa sababu jasi hutoa maji yake yenyewe na utayahesabu kama ya udongo.