Mlilana wakatwa Tudor eti kwa sababu ya dudu, nani kawapa ruhusa?

Wadau salama, ingawa mimi sina salama tangu asubuhi. Kuna watu wameshuka kriki ya Tudor hapa Mombasa, upande huu wa Mikindani, na misumeno ya injini, wakata mlilana (aina moja ya mikoko) mmoja baada ya mwingine, ukiuliza waambiwa dudu limeingia lazima tukate kabla halijamaliza mikoko yote, na karatasi wanayo lakini ukinyosha mkono uisome yarudi mfukoni.

Dudu lipo, hilo sikatai. Laitwa Bottegia rubra, ni jamaa ya wale mende wenye pembe ndefu kuliko mwili, na ana mwenzake nondo Salagena discata, wote wawili walitajwa kwenye utafiti wa mlilana wa pwani yetu uliotoka 2016. Kabla ya hapo matawi yalikuwa yakauka karibu miaka ishirini na hakuna aliyejua hasa nani yumo ndani. Chukua tawi lililokauka ulipasue kwa panga utaona tundu limepita katikati ya mti, unga umeshindiliwa humo, na buu jeupe limejikunja, halina miguu, mdomo wa kahawia. Likiwa na vijiguu basi huyo ni mtoto wa nondo. Sasa hawa jamaa hata tawi moja hawajapasua! Wapiga shina tu.

Nendeni mkaone rundo lao. Magogo manene, ukiangalia pale palipokatwa ni mti safi, tundu hakuna, na yale matawi makavu yenye matundu ndiyo yameachwa kwenye matope. Hii ni tiba gani ya kuondoa kizima ukaacha kigonjwa? Na kwenye lori nimeona kwa macho yangu boriti na mazio (nguzo nyembamba kuliko boriti) za mkoko wenyewe, na muia pia, aina nyingine hizo si mlilana, zimenyooka, wallahi za kuezekea nyumba. Utafiti ule ulikuwa wa mlilana, huu mkoko umeugua lini na nani kaupima?

Halafu tuseme ni kweli wakata kwa ajili ya dudu, basi wamekosea vibaya zaidi, maana buu la hawa mende huweza kuendelea kula ndani ya gogo hata mti ukishakatwa, likikua latoboa likatoka likaruka. Wewe wazipanga kuni ufuoni, wawauzia watu wa Kisauni na Changamwe, si ndiyo wamsafirisha kwa gharama yako? Wamarekani walipomgundua yule mende wa pembe ndefu wa kutoka Asia pale Brooklyn, New York, 1996, yeye aliletwa na mbao za kufungia mizigo, walikata miti kweli na mingi, lakini iliyokatwa walisagasaga na kuni wakazipiga marufuku kutoka eneo lile. Na huyo alikuwa mgeni. Huyu wetu ni wa huku huku Afrika, hakushuka bandarini na kontena. Ulaya nako kuna mwenziwe akaa kwenye mialoni mikongwe, Cerambyx cerdo, tangu 1992 yuko kwenye sheria ya kulindwa, maana huko walishajua mti mzee wenye matundu ni nyumba ya viumbe wengi, dudu akitoka wengine huingia. Sisi hapa tawi likikauka tu, haya, leteni msumeno.

Hasara ya Tudor haikuletwa na dudu, mnajua na mimi najua. Kati ya 1992 na 2009 kriki hii ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko, kriki ya Mwache karibu nusu, na kule Mwache tope la El Nino ya 1997 na 98 lilifunika mizizi ikashindwa kupumua. Huku kwetu ni panga, na maji machafu ya majumbani yaingia kriki mchana kweupe (harufu yake mwaijua). Mende hana panga.

Na mlilana ndio ukaao mbele kabisa, wapigwa na mawimbi kabla ya mwingine wowote, ukiung'oa hakuna mkoko wa nyuma utakaokuja kusimama pale kesho, ni tope tupu. Wazee waliochonga mataruma (mbavu) ya mashua walikuwa wakichagua mti na kuacha mti, hawakufyeka mstari mzima.

Hii mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932. Kwa hiyo nataka hiyo karatasi ibandikwe hapa, tuone sahihi ya nani, miti mingapi, ya aina gani. Kama kazi ni dudu basi kateni matawi yaliyoingiwa peke yake, muyachome, kuni isitoke. Na kama mtu alijua lori la jana jioni lilishusha wapi zile boriti aseme hapa hapa, asinitumie inboksi.