Tangazo letu la kazi limeleta maombi kibao, wa kumwita kwenye usaili haonekani. Tatizo ni tangazo au watu?

Binti Mgeta:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri wenu, hasa mliowahi kuajiri au kuomba kazi kwenye maduka na kampuni ndogo.

Nasaidia kusimamia duka la vifaa vya ujenzi la familia hapa Morogoro, upande wa Kihonda. Mtunza stoo wetu wa miaka mingi anastaafu. Baba mdogo, ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho, aliandikiwa tangazo stationari, likarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Barua pepe imejaa maombi. Wengi ni vijana wa shahada: masoko, ualimu, hadi kilimo. Baadhi nimewapigia, wakauliza kazi yenyewe ni ya nini, nilipowaeleza wakashukuru na kukata simu. Wale wazoefu wa stoo tunaowafahamu hapa mjini, hakuna hata mmoja aliyeomba.

Baba mdogo anasema vijana wa siku hizi hawataki kazi. Mimi naona tangazo ndilo halisemi kitu. Nalinakili lilivyo:

"NAFASI YA KAZI! Kampuni kubwa inayokua kwa kasi inatafuta Afisa Stoo mwenye ari, mbunifu na anayejituma, awezaye kufanya kazi chini ya shinikizo bila kusimamiwa. Sifa: Shahada ya Uhasibu, Ugavi au fani inayoendana. Uzoefu usiopungua miaka 5. Awe mwanaume, umri miaka 25 hadi 30, asiye na majukumu ya familia. Mshahara mnono kulingana na uzoefu. Tuma CV, barua ya maombi na vyeti vyote. Wahi sasa, nafasi ni chache!"

Chini kuna barua pepe ya bure na namba ya simu, basi. Nitalipimaje tangazo kama hili, ili nikienda kwa baba mdogo niwe na hoja na si maneno matupu?

Kadi ya Leja:
Dada, mimi ni mtunza stoo, kwa hiyo nakujibu kama mtu mnayemtafuta. Ningeliona hilo tangazo ningelipita.

Kwanza halina jina la duka wala mji. Kampuni isiyo na jina, barua pepe ya bure, "mshahara mnono", "wahi sasa": hivyo ndivyo wanavyoandika matapeli, ukishapiga simu unaambiwa tuma hela ya fomu. Mtu mwenye kazi yake tayari hawezi kutuma vyeti vyake mahali kama hapo. Anayetuma ni yule anayetuma kila mahali.

Pili, shahada. Nina cheti cha ugavi na nimeshika stoo tangu nikiwa kijana. Nikisoma "Afisa" na "Shahada" najua sijaitwa mimi.

Tatu, hamjasema stoo ya nini. Stoo ya dawa, ya vyakula na ya nondo ni kazi tofauti kabisa. Stoo ya vifaa vya ujenzi ina mambo yake: saruji ya daraja la nguvu la 32.5 isichanganywe na ya 42.5, mifuko ipangwe juu ya mbao isiguse sakafu wala ukuta, iliyoingia kwanza itoke kwanza kabla haijaganda. Bati la geji 28 na la geji 30 (geji ni kipimo cha unene) kwa macho ya mgeni ni kitu kimoja, kumbe bei ni mbili. Mngeandika mstari mmoja tu wa namna hiyo ningejua nyie ni watu wa kazi, na ningejua mnaniita mimi.

Pasua Anga:
Mkuu Kadi ya Leja kamaliza. Naongeza: "nafasi ni chache" wakati nafasi ni moja. Msomaji makini anaona hapo hapo.

Mama Usaili:
Binti Mgeta, nimefanya kazi ya rasilimali watu miaka mingi, viwandani na kwenye taasisi. Swali lako ni zuri kwa sababu wengi wanapima tangazo kwa wingi wa maombi. Wingi unaonyesha limefika mbali, hauonyeshi kama limeeleweka. Maombi mengi kutoka kwa watu wasiohusika ni dalili kwamba tangazo halikumwambia asiyehusika apite.

Hoja ya kumpelekea baba mdogo mnayo tayari, iko kwenye simu yako. Andika kwenye daftari maswali yote waliyouliza waombaji. Swali likirudiwa na watu watatu wanne, hilo ni tundu la tangazo, si ujinga wa waombaji. Umesema wanauliza kazi yenyewe ni ya nini. Jibu la swali hilo lilitakiwa liwe mstari wa kwanza, na tangazo lenu halinalo popote. Kisha pitia maombi uyagawe mafungu mawili, anayefaa kuitwa na asiyefaa, uandike kila mmoja aliliona wapi. Ukikuta grupu moja limeleta maombi mengi na hakuna wa kumwita, safari ijayo liache.

Kipimo cha pili kinafanywa kabla ya kulirusha. Mpe tangazo mtu anayefanya kazi ya aina hiyo, asome mara moja, kisha lichukue. Mwambie: nieleze kwa maneno yako siku ya mtu huyu kazini ikoje, yuko wapi, analipwaje, anaombaje, na kitu gani kingekuzuia usiombe. Usimsahihishe wala usimsaidie, nyamaza usikilize. Anachoshindwa kukisimulia hakimo kwenye tangazo, hata kama wewe unaamini umekiandika. Hilo swali la mwisho ndilo lenye dhahabu, kwa sababu wasioomba hawakupigii simu kukwambia kwa nini.

Pia angalia sifa moja moja ujiulize: bila hii, kazi itashindikana? Shahada, hapana. Ubunifu kwenye stoo, hapana, stoo inataka mtu ambaye hesabu iliyoandikwa kwenye kadi ya stoo na ya mzigo uliopo zinalingana kila jioni. Miaka 5 ya uzoefu pamoja na shahada kwa mtu wa miaka 25? Mmejifungia mlango wenyewe. Morogoro kuna vyuo vikuu vya Mzumbe na SUA, wahitimu ni wengi na wana shida ya kazi, ukitaja shahada watakuja tu. Wakifika stoo wataondoka wakipata pengine, na sitawalaumu.

Mwisho, matangazo ya WhatsApp yanazunguka hata mwaka mzima. Tarehe ya mwisho iwe juu karibu na kichwa, na liwe maandishi, si picha yenye herufi ndogo ambayo mtu mwenye simu ya kawaida anashindwa kuisoma.

Wakili wa Kata:
Kuna kitu kikubwa kuliko mvuto. "Mwanaume, miaka 25 hadi 30, asiye na majukumu ya familia" ni ubaguzi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Jinsia, umri, hali ya ndoa na majukumu ya familia vimetajwa humo, na kinga hiyo inamhusu hata mwombaji, si mwajiriwa tu. Sifa inaruhusiwa pale tu ambapo kazi yenyewe haiwezekani bila hiyo. Kama kuna kubeba mizigo, andika kwamba kuna kubeba mizigo, kila mtu ajipime.

Mzee wa Mizani:
Nawaunga mkono, ila mshahara msiutaje. Wafanyakazi wa zamani wakiuona watadai nyongeza, na jirani naye anapata pa kuanzia kuwachukua watu wenu. Mshahara tuliuzungumza mezani siku zote.

Mama Usaili:
Mzee wangu shikamoo. Hofu yako naielewa, ila mwenye kazi haachi kazi aje kuuliza mshahara mezani. Wataje kima cha chini na cha juu, wasitaje kamili. Kama wa zamani wanalipwa chini ya hapo, hilo tatizo lipo hata bila tangazo.

Kijana wa Msamvu:
Mimi ni miongoni mwa wanaotuma maombi kila mahali, na nina shahada. Tunatuma hivyo kwa sababu matangazo yote yanafanana, hujui lipi lako. Likisema wazi kazi ni stoo ya saruji na nondo, anayeitaka atakuja akijua, na mimi nitabaki na bando langu.

Binti Mgeta:
Asanteni sana wote. Maswali ya simu nimeyaandika, baba mdogo ameyasoma akanyamaza, akasema nilete lingine. Nimempa dada anayeshika stoo ya duka la rangi asome kisha asimulie. Alisimulia vizuri, ila akauliza kama mtunza stoo ndiye anashusha gari. Nimeongeza. Hili hapa:

"MTUNZA STOO, duka la vifaa vya ujenzi, Kihonda, Morogoro (jina la duka litakuwepo). Mwisho wa kuomba: (tarehe). Utapokea na kutoa saruji, nondo, bati na mbao, utaandika kadi za stoo na kuhesabu mzigo kila jioni pamoja na msimamizi. Kushusha gari ni kazi ya vibarua, wewe unahesabu na kusaini. Tunahitaji mtu aliyewahi kushika stoo, anayetofautisha madaraja ya saruji na geji za bati. Cheti cha ugavi ni nyongeza, si lazima. Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na saa moja ya chakula. Mshahara Sh 450,000 hadi 550,000 kabla ya makato, NSSF tunachangia. Fika dukani au tuma ujumbe: jina, ulikoshika stoo, na mtu mmoja wa kukuelezea. Vyeti utakuja navyo ukiitwa. Hakuna malipo yoyote ya kuomba."

Kadi ya Leja:
Hili ningeomba.

Wakili wa Kata:
Safi, ila piga hesabu ya saa. Ukitoa chakula ni saa 8 kwa siku, kwa siku sita ni 48. Sheria inasema saa 45 kwa wiki. Jumamosi atoke saa 7 mchana bila mapumziko, mtafika 45 kamili. Mkitaka akae hadi jioni, mkubaliane saa za ziada na mzilipe mara moja na nusu, na mziandike hapo hapo kwenye tangazo.

Binti Mgeta:
Jumamosi saa 7 mchana. Nabadilisha sasa hivi, kesho asubuhi linabandikwa mlangoni kabla ya kwenda kwenye magrupu.