Taa ya injini na ya ABS (breki zisizofunga tairi) zinawaka kwa mpigo, fundi anasema kontroli boksi (kompyuta ya injini) imekufa. Naombeni ushauri

Mleta uzi: Wakuu, habari za jioni. Gari ni la Kijapani, otomatiki. Nikipita kwenye rasta, taa ya injini na ya ABS zinawaka pamoja, mshale wa spidi unaanguka sifuri, kisha vyote vinarudi sawa. Injini haizimi. Mashine ya kusoma hitilafu imetoa kodi U0100, U0121 na U0155. Fundi anataka ninunue kontroli boksi ya injini iliyotumika. Bei inatisha.

Mdau 1: Mkuu, shika hela yako. Boksi lililokufa haliendeshi injini. Kodi za U ni za mawasiliano, kwa hiyo uliza kila moja imekutwa ndani ya boksi lipi. U0100 inasema boksi la injini halipatikani, U0121 ni ABS, U0155 ni dashibodi. Kama ABS na dashibodi zinaililia injini, na injini inawalilia hao wote, aliyekatika mawasiliano ni boksi la injini.

Mdau 2: Naunga mkono. Anza na betri na ethi (waya wa betri unaofungwa kwenye bodi). Kisha chomoa kichwa cha betri, subiri dakika chache, weka maltimita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), pima tundu namba 6 na 14 za soketi ya OBD (inapochomekwa mashine) chini ya usukani. Hizo ndizo nyaya mbili za CAN, njia ambayo maboksi yanaongea. Kila mwisho wa nyaya hizo una rizista ya omu 120, zimeungwa sambamba, kwa hiyo zote mbili zikiwa hai unasoma 60. Ukipata 120, upande mmoja haupo. Ukikaribia 0, nyaya zimegusana. Na kwa kuwa tatizo lako linakuja na mtikisiko, mtu atikise wayaringi huku wewe unatazama namba.

Mleta uzi: Nimerudi wakuu, Mungu awabariki. Kodi ziko vile vile alivyosema mdau wa kwanza. Inasoma 60, lakini wayaringi ikikunjwa karibu na plagi ya boksi la injini inaruka 120. Tumefungua plagi, pini moja ina ukijani na waya wake umeliwa na kutu. Tukate tuunge?

Mdau 2: Kata mpaka ufikie shaba safi, unga kwa risasi ya kulehemu, vika mpira wa kusinyaa. Zile nyaya mbili zimesokotwa pamoja ili kuzuia kelele za umeme, zisokote tena hivyo hivyo. Pini isafishe kwa dawa ya kontakti, usiichokonoe kwa sindano, itapanuka. Halafu tafuta maji yanaingilia wapi. Futa kodi, rudi kwenye rasta zile zile mashine ikiwa imechomekwa.